Ghana Yangu Iliyotazama Jiko

Vijana wangu wa brashi, na nyinyi mnaochora kwa kompyuta bila kuchafua hata kidole, nianze na ukweli ili msije mkanisingizia: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nimeandika "Mwenye wivu ajinyonge" kwenye malori mengi ya Jinja, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano, na kila nilipoandika nilijua najiandika mwenyewe. Sikujinyonga. Nilifanya kazi mpaka nikazeeka, na wivu ukazeeka pamoja nami, ila wenyewe hauumwi magoti.

Ninayemwonea wivu anaitwa Wambede, mchoraji wa Mbale. Tuligombea ukuta mmoja wa shule huko Nabuyonga, na juu ya ukuta huo nikajifunza kwa nini falme za kale zilianguka na nyingine zikainuka mahali pake. Ningependa sana kama ningejifunza kwa njia nyingine.

Baba yangu alikuwa askari jela, mtu wa kabila la Teso aliyehamishiwa Jinja, na Kiswahili changu nilikikuta kwenye nyumba za askari. Walionisikia nikikizungumza mjini walidhani nimekuja kukamata mtu. Shule ilipokatika, nilikwenda kwa Mhindi mmoja mzee aliyeandika mabango ya maduka, Bwana Devji, nikamwomba anifundishe kazi. Alinitazama, akatazama gauni langu, akatazama ngazi. Kisha akanipa msasa nikwangue ubao. Nilikwangua mbao mpaka nikamchosha yeye, ndipo akanipa brashi.

Bwana Devji aliamini kitu kimoja tu, mstari. Brashi yenye nywele ndefu, mkono umeegemea fimbo, pumzi umeishika, unavuta kuja kwako wala husukumi. "Amuge," alikuwa akiniambia, "rangi chai, mstari kikombe. Bila kikombe, wewe takunywa vipi?" Akanieleza kwamba dereva anayepita barabarani hasomi rangi, anasoma ukingo wa herufi. Ukingo ukiwa safi, hata lori likiwa mbio atakusoma. Maneno hayo yaliniingia damuni. Mpaka leo nikiona bango lenye ukingo uliochuruzika, nageuza uso kama niliyeona mtu uchi.

Alipofariki, watoto wake waliniachia kibanda. Nikawa ndiye fundi wa mabango wa Jinja, na nilijua hivyo, na niliwafanya watu wengine pia wajue.

Siku moja akaja mwalimu wa historia kutoka Mbale, Madamu Khainza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita paredi. Alikuwa amekuja Jinja harusini, akaona bango langu la saluni. Akaniuliza kama naweza kuchora bara la Afrika ukutani. Nikasema naweza. Kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimechora hadi siku hiyo ni samaki mmoja kwenye duka la Wanyange, huko ziwani, na mwenye duka alilalamika kwamba sato wangu anafanana na ndugu yake.

Ramani kubwa huchorwa kwa miraba. Unapiga miraba midogo kwa penseli juu ya ramani ya kitabu, halafu unapiga miraba mikubwa ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Ni kazi ya subira tu, mtoto anaweza. Mimi niliruka safu nzima. Niliposhuka ngazi na kurudi nyuma kutazama, Afrika ilikuwa imekonda kama mtu aliyetoka malaria. Madamu Khainza alicheka mpaka akakaa chini. Nikaifuta, nikaanza tena.

Sasa nisikilizeni kuhusu huo ukuta. Jengo la shule ile ni refu. Ukuta wa mbele unatazama lango na uwanja wa paredi. Kila mtoto, kila mzazi, kila mgeni anauona. Ukuta wa nyuma unatazama jiko. Madamu alinipa wa nyuma.

"Tuanze huku, Mama Amuge," akasema. "Wa mbele atauchora yule ambaye ramani yake itafundisha."

Mimi nilisikia kwamba wa mbele ni wangu. Tangu siku ile niliutaka ukuta ule kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Ufalme wa kwanza ulikuwa Ghana. Si hii Ghana ya leo mnayoijua kwa mpira. Ni ile ya kale, mbali zaidi kaskazini, pembeni mwa jangwa. Madamu alinieleza nikiwa juu ya ngazi. Chumvi ilitoka jangwani, dhahabu ilitoka kusini, na mfalme alikaa katikati, akitoza wote wawili. Nikapaka rangi ya udongo, nzuri, iliyolingana. Kisha nikafanya nilivyofundishwa: nikauzungushia ufalme mpaka mweusi, mnene, safi, usiotetemeka popote.

Madamu akaja na chai yake, akasimama.

"Mama Amuge, hapa kwenye mstari, askari wa mpaka walikaa wapi?"

"Sijui, Madamu. Hiyo kazi yako."

"Hawakuwepo. Hakukuwa na mstari."

"Bila mstari watu watajuaje nchi imeishia wapi?"

"Hata mfalme mwenyewe hakujua," akasema.

Akanieleza polepole. Karibu na mji mkuu, mfalme akikohoa watu walisikia. Mbali kidogo kulikuwa na machifu waliopeleka kodi kwa sababu waliona faida yake: njia zilikuwa salama, soko lilikuwa kubwa. Mbali zaidi kulikuwa na watu waliopeleka zawadi mwaka huu na mwaka ujao wakasahau. Akanikumbusha upande wetu wa Busoga, kule Jinja, jinsi wakuu wadogo walivyopeleka zawadi kwa ufalme wa Bunyoro, na Buganda ilipopata nguvu wakaanza kugeuza shingo taratibu. Hakuna aliyevunja ukuta wowote.

Nilielewa. Sikufuta. Mstari ule ulikuwa wa Bwana Devji, na ulikuwa mzuri mno. Nikauongezea kivuli.

Baada ya muda Madamu alinionyesha jaribio la mwanafunzi mmoja. Swali lilikuwa: Ghana ilianguka kwa nini? Mtoto alijibu kwamba adui "waliruka ule ukuta mweusi usiku". Madamu aliniachia karatasi mkononi, akaenda darasani.

Hapo ndipo Wambede alipoingia. Hakuwa mchoraji, nawaambia. Alikuwa fundi wa kupaka magari rangi kwenye gereji moja huko upande wa viwanda, Mbale, watu wa kunyoosha mabati ya gari lililogongwa. Lori la shule lilikuwa limekwaruzwa mlango, wakamwita. Alikuja nyuma kuomba maji kwa wapishi, akaiona Ghana yangu.

"Dada," akasema, "hii falme iko ndani ya chupa?"

"Wewe mtu wa gari, unajua nini juu ya falme?"

"Hakuna kitu najua. Sisi Bagisu wa hapa Mbale hatukuwa na mfalme. Ndiyo maana hatukuanguka."

Wapishi walikufa kwa kicheko. Mimi nilishika brashi yangu kwa nguvu. Madamu Khainza, ambaye alikuwa amekuja kutazama lori, akamuuliza yeye angefanyaje.

"Mimi sijui historia, Madamu. Lakini gari najua. Ukipaka mlango mpya halafu unakata rangi kwa mstari, kila mtu ataona gari iligongwa. Sasa wewe unaipunguza. Hapa nzito, hapa nyepesi, hapa nyepesi zaidi, mpaka inaingia kwa ile ya zamani. Mtu hawezi onyesha kidole aseme, imeishia hapa."

Madamu aliliacha lori, akamsogelea. Kisha akasema, "Rudia hiyo."

Vijana, mtu akiambiwa "rudia hiyo" na mwalimu wa historia, jueni ukuta umekwenda.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilizidi kuugua. Wambede alipewa ukuta wa mbele achore Mali, ufalme uliokuja baada ya Ghana. Alikataa kutumia bomba la kupulizia rangi la gereji, akasema ukuta si gari. Alitumia sifongo na brashi kavu. Kwanza alipaka rangi ya udongo, Ghana, kwa wepesi. Juu yake akaanza buluu ya Mali, nzito kabisa pale mji mkuu, akaenda akiipunguza kila upande. Ilipofika juu ya Ghana, aliacha udongo uonekane chini ya buluu.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko nikijifanya nasubiri mtu. Mtoto mmoja wa kike akauliza, "Madamu, kwani Ghana bado iko pale chini?"

"Iko," Madamu akasema. "Watu walewale, soko lilelile, chumvi ileile. Kilichobadilika ni mahali kodi inapokwenda."

Akawaeleza. Dhahabu mpya ilipatikana kusini zaidi, mahali ambapo mkono wa Ghana haukufika. Wafanyabiashara hawana ndoa na mtu. Misafara yao ikahamia huko. Ghana ikabaki imekaa palepale, ikitoza ushuru kwenye njia ambayo watu wamepungua. Mchanga nao ulikuwa unakula malisho. Machifu waliokuwa wakilipa wakaanza kuuliza wanalipia nini. Mmoja akaacha, wa pili akatazama kama wa kwanza ameadhibiwa, akaona hajaadhibiwa. Vita vilikuja, ndiyo, lakini vilikuta nyumba tayari haina watu.

Baadaye Wambede aliongeza Songhai, ufalme uliokuja kuimeza Mali. Aliuanzisha kwa kijani mashariki kabisa, kwenye mji wa Gao, palepale ambapo buluu yake ilikuwa nyembamba mpaka ukaona plasta. Wana wa wafalme wa Mali walikuwa wanapigania kiti huko katikati, na huku pembeni hakuna aliyekuja kuuliza habari. Watoto waliona kabla ya kuambiwa. "Imeanzia pale rangi ilikuwa kidogo!" wakapiga kelele. Na mimi pia niliona. Niliona vizuri kuliko wote, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa.

Halikuwepo. Nawaambia kama fundi: halikuwepo. Nilikuwa nafunga safari kutoka Jinja mpaka Mbale kuangalia ukuta ule tu. Nikisikia mvua kubwa imepiga mlimani juu ya Mbale, moyo wangu unachangamka. Nafika, nakuta rangi imekaa kama ilivyokuwa. Mjinga yule alikuwa amepiga msasa ukuta wote na kupaka rangi ya msingi kabla hajaanza, jambo ambalo mimi nilikuwa nawaambia watu wengine wafanye.

Sasa kuhusu Wanyange. Mitumbwi ya huko nilikuwa naiandika mimi: majina, namba, samaki, Mungu Mkubwa, Mama Sofi. Nilipokuwa kijana nilikwenda mwenyewe na makopo yangu. Nilipokuwa na kibanda na jina, niliacha. Anayetaka herufi nzuri aje mjini. Na walikuja, kwa muda. Dada yake Wambede aliolewa Wanyange. Jamaa akaja kumsalimia, na sifongo mfukoni, nadhani alikuwa analala nayo. Akapaka mtumbwi wa shemeji yake, buluu inayoyeyuka kuwa nyeupe chini. Basi. Ufuko mzima ukataka.

Nilikwenda huko nikiwa nimewaka. Nikamkuta mvuvi niliyemwandikia mtumbwi tangu baba yake.

"Nyinyi ni wateja wangu!"

"Nyabo, ni kweli," akasema, na adabu zake zote. "Lakini wewe hatukuona mwaka ngapi? Huyu bwana anakuja."

Sikuhitaji Madamu Khainza anifafanulie. Nilikuwa nimekaa mjini nikitengeneza mpaka wangu uzidi kung'aa, na huko pembeni rangi ilikuwa imeisha zamani. Kwa hiyo nyinyi, msikae vibandani. Mteja wa mbali ndiye wa kumtembelea kwanza. Wa karibu atakuona tu akienda sokoni. Na usimkasirikie anayehama. Muulize anapata nini huko alikokwenda, halafu funga mdomo usikilize. Mimi sikusikiliza. Nilimtukana mvuvi yule, nikamtukana na shemeji wa Wambede, nikarudi nyumbani nikala peke yangu.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilinunua sifongo. Nilijifunza kwenye ukuta wa jiko langu, mlango ukiwa umefungwa, jirani asije akaona Amuge wa Bwana Devji anapapasa ukuta kama kipofu. Siri yake ni hii: usichovye ukapaka. Chovya, kamua, jaribu kwenye gazeti mpaka gazeti likuambie rangi karibu imeisha, ndipo uguse ukuta. Gusa na uondoke. Ukikaa sana mahali pamoja, umeharibu. Na nikagundua jambo la kunifariji: mkono ukianza kutetemeka kwa uzee, mstari unaukimbia, lakini sifongo haijali. Nilichora Mali yangu jikoni. Nikaifuta, nikaichora tena. Ilipokuwa nzuri sikuifuta. Moshi uliifuta.

Miaka ikaenda. Mashine za kuchapa mabango zikajaa mjini, mnazijua, ndizo zinazowalisha. Kibanda nikakifunga. Kitu kimoja tu nilikuwa bado nataka, na Madamu Khainza alikuwa anajua, kwa sababu kila tulipoonana nilimuuliza ukuta wa mbele unaendeleaje, kama mtu anayeulizia mgonjwa mwenye urithi.

Akanipigia simu. Ukuta ulikuwa umechakaa hatimaye. Yeye mwenyewe alikuwa anakaribia kustaafu. "Safari hii ni zamu yako, Mama Amuge. Nimeongea na mkuu wa shule. Ghana, Mali, Songhai, zote. Na Wambede nimemwambia, hakukataa."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nililoweka brashi, nikanunua sifongo mpya, nikatafuta rangi ileile ya udongo ya Ghana kwenye maduka mpaka nikaipata. Nilifika Nabuyonga watoto wakiwa darasani. Madamu alikuwa amesimama uwanjani, mikono nyuma, kama anayesubiri kupewa adhabu. Pembeni yake alikuwa Wambede, mvi kichwa kizima, amekuja kuona nitafanya nini na ukuta wake.

Ukuta haukuonekana. Kuanzia kona hadi kona ulikuwa umefunikwa na bango moja la plastiki, limechapwa kwa mashine, linang'aa. Kampuni moja ya vinywaji ilikuwa imelitoa bure, na chupa yao ilikuwa imesimama pale mahali pa jangwa. Mkuu wa shule alikubali wakati Madamu alikuwa amesafiri kusahihisha mitihani. Falme zote zilikuwepo, na kila mmoja umezungushiwa mpaka mweusi, mnene, safi, usiotetemeka popote.

"Dada, umeshinda," Wambede akasema. "Wametumia mstari yako."

Alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka. Chini ya bango, pale walipogongomelea misumari, plasta ilikuwa imebanduka, na buluu yake imelala kwenye nyasi, vipande vipande. Nilivitazama vipande vile nikisubiri nifurahi. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuona ukuta ule umeharibika. Furaha haikuja, nikaona labda iko nyuma ya jengo, nikaenda kuitafuta.

Ghana yangu ilikuwepo. Nzima. Moshi umeitia weusi, kuni zimepangwa mpaka kiunoni mwake, taulo la mpishi limeanikwa kwenye msumari juu ya mji mkuu. Lakini mpaka wangu ulikuwa haujakatika popote, na kivuli chake pia.

"Hao watu wa bango walikuja huku?" nikamuuliza mpishi.

"Walikuja, nyabo. Wakaangalia, wakasema huku hakuna mtu anapita. Wakarudi mbele."

Madamu alikuwa amenifuata. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, na akanipa somo lake la mwisho, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida.

"Unakumbuka Songhai ilivyoisha? Jeshi lilitoka Moroko na bunduki, likavuka jangwa lote lile. Wengi walikufa njiani kwa kiu. Mama Amuge, jeshi halivuki jangwa kufuata nchi maskini."

Nilijua alitaka kunipoza, au kunieleza kwamba Wambede ameumizwa kwa sababu alikuwa na kitu. Labda yote mawili. Nilirudi mbele. Wambede alikuwa ameinama akiokota vipande vyake kwenye nyasi na kuvipanga juu ya kiganja, kimoja kimoja. Nikaweka ndoo yangu chini, nikasimama karibu naye. Kwa mara ya kwanza nikamwambia usoni.

"Wambede, nakuonea wivu."

"Kwa hii?" akanyoosha kidole kwenye bango.

"Kwa hilohilo. Ningetaka wafunike ukuta wangu."

Hakucheka. Alikunja kiganja taratibu, ili rangi isizidi kuvunjika.

"Najua, dada," akasema. "Hata mimi, kama wangepita wakaniacha, ingeniuma hivyo."